Wanawake wa Kawangware Walikubali Kila Kitu

Silanga, Kibera,
Nairobi.
Jumapili, mwezi wa kumi.

Dada yangu Perpetua,

Kabla hujaketi kusoma, ujue kwamba barua hii inatoka kwa mtu ambaye chuo kimoja kikubwa hapa mjini hakiwezi kufunguka asubuhi bila yeye. Sisemi kwa majivuno. Maprofesa wanasimama nje kwenye umande na vitabu vyao, weusi kwa weupe, wakiniangalia mimi ninavyokuja polepole na funguo. Siku moja nilichelewa robo saa na masomo ya taifa zima yakasimama.

Sasa salamu. Je, mguu wako ule ulioteguka kwenye mteremko wa kisima unakubali kukanyaga? Mahindi yameingia ghalani yote, au yale ya upande wa mto mmewaachia nyani? Na yule ng'ombe mwekundu aliyekataa dume mara mbili, ameona haya? Mimi ni mzima, nashiba, nguo ninazo. Tatizo ni moja tu, miguu haitaki kutulia. Barua hii nimeianza mara tatu tangu watu waende kanisani, na sasa nawasikia wanarudi.

Usishangae kwamba nakuandikia kwa Kiswahili. Kwanza ndiyo lugha ya kazi yangu siku hizi, utaona mbele. Pili, barua zetu zinapitia pale dukani kwenye sanduku la posta, na nawajua wale mama wanaokaa nje ya duka kusomewa barua za watu. Wewe ulikaa Kisumu miaka tisa na shemeji wa reli, utanielewa. Wao waache wabaki na bahasha.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki mbili zilizopita tulikuwa na mkutano wa ukoo hapa Kibera, na Ojwang', mtoto wa baba mdogo, alikuwa ametoka nyumbani siku hiyo hiyo. Akaniambia mbele ya watu wote, soda mkononi, "Zakayo, nyumba yako imefungwa mlango kwa waya. Rosalia yuko kwao tangu mahindi yavunwe."

Nikamjibu kwamba najua, ni mimi niliyempa ruhusa akapumzike. Nikaongeza kwamba nilimtumia na nauli. Watu wakatikisa kichwa wakaendelea na mambo ya mchango. Lakini wewe na mimi, dada, nilikuwa sijui. Sikujua hata kidogo. Mke wangu niliyemwoa miaka kumi na tisa iliyopita amefunga mlango kwa waya akaondoka, na mimi naambiwa na mtu anayekunywa soda.

Nataka uende kwao ukamuulize kama anarudi. Ila usiende kesho. Soma mpaka mwisho kwanza, maana ukienda na swali baya utarudi na jibu baya. Hilo nimejifunza kazini, na limenigharimu.

Pale chuoni kuna mwalimu mmoja, Daktari Wambui. Ni mwanamke mwembamba, mdogo kwangu kwa miaka kumi, amesoma ng'ambo mpaka macho yakataka miwani. Siku moja nimempelekea chai ananiuliza, "Zakayo, wewe unasema lugha ngapi?"

"Saba, Daktari," nikamwambia. "Na ya nane naielewa ikisemwa polepole."

Nilikuwa nimehesabu pamoja na ile salamu ya Wanubi wa hapa Kibera, na Kihindi changu cha kununulia misumari. Akafurahi. Akaniambia ana utafiti wa watu waliooana. Anataka kupima yale mambo ambayo watu wanayaamini juu ya ndoa lakini hayana msingi, halafu yanawaumiza. Kwa mfano, kwamba mtu akikupenda kweli atajua unachotaka bila wewe kufungua mdomo. Au kwamba mume na mke wakigombana mara moja tu, basi mapenzi yamekwisha. Au kwamba mtu mzima akishakuwa alivyo, amekuwa. Mambo ya namna hiyo thelathini, kwa Kiingereza, na kila jambo useme unaliamini kiasi gani, kutoka moja hadi tano.

Nilimwuliza, "Na hayo yanapimwa kwa mizani gani?"

Akacheka, lakini mwishowe akaona nina maana, kwa sababu wapangaji wengi wa mitaani tutakaowauliza hawataki habari ya moja hadi tano kwenye karatasi. Hapo ndipo nilipomshauri maharagwe. Kila mtu apewe punje tano. Jambo analoliamini sana atie zote tano mkebeni, analoliamini kidogo atie moja, asiloamini asitie. Ng'ambo hawana kitu kama hicho, aliniambia mwenyewe. Akanipa na kazi ya kugeuza maneno yote kuwa Kiswahili, kwa sababu chake anasema ni cha sokoni. Niliyageuza kwa siku mbili, hapa hapa kitandani. Kisha nikanunua tai ya kuvaa kazini.

Tulianzia Kawangware, ng'ambo ya Riruta. Pale wenye ploti ni watu wa kanisa, wamekaa hapo tangu babu zao, na nyuma ya kila nyumba yao kuna vyumba vya mbao vya wapangaji, wengi wao watu wetu wa ziwani. Mwenye ploti wa kwanza alikuwa Mzee Gitau. Nilimsalimia kwa Kikuyu safi mpaka mbwa wake, mkubwa kama ndama, akalala chini kwa heshima. Nikamweleza kwa sauti ya ofisi, "Mzee, tumetoka chuoni. Tumekuja kupima mambo yasiyo na msingi katika nyumba za watu waliooana."

Uso wake ukabadilika.

"Nyumba zangu zote ziko na msingi," akasema. "Nani amesema hazina?"

"Hapana mzee, si nyumba za ..."

"Kuja uone. Kuja na huyo mama wako wa miwani. Hii msingi ni ya mawe, nililipa fundi. Mko wa siti kaunsil, mimi najua nyinyi. Mtu amewatuma mkuje mbomoe."

Akatuzungusha ploti nzima akitupigia ukuta teke. Daktari alichuchumaa pale akatazama mawe, maana alikuwa na adabu, na ndipo akamweleza kwa lugha yao kwamba msingi tunaoutaka ni wa kichwani. Mzee akapoa. Lakini habari ilikuwa imeshatutangulia, na ploti tatu zilizofuata tulikuta watu wanachimba kando ya nyumba zao na kujaza kokoto.

Hata hivyo tulifanya kazi. Mume alikaa chumba kimoja na Daktari, mke chumba kingine na mimi, mlango wazi, ili mmoja asisikie jibu la mwenziwe. Mimi nilisoma jambo, nikauliza, "Unakubali?" Mama anatia maharagwe mkebeni, mimi naandika. Mke wa Mzee Gitau, Mama Nyambura, alitia tano, tano, tano. Alikuwa anatia kama mtu anayepanda, haangalii. Nikasoma kwamba mtu mzima hawezi kubadilika. "Nakubali." Tano. Kwamba mume akinyamaza amekasirika nawe. "Nakubali." Tano. Jirani yake akasema vivyo hivyo, na wa tatu pia. Tulikwenda hivyo wiki tatu, Kawangware kwanza kisha huku Kibera, na mimi nikawa najulikana. Mtu akiniona na mkebe anasema, yule mzee wa kukubali anakuja.

Nimesimama kidogo kufungua dirisha. Nimerudi. Hapa jirani kuna mtu anacheka na mkewe tangu asubuhi, sijui wanacheka nini.

Basi, wiki ya tatu Daktari alizitandaza karatasi zote juu ya meza yake. Za wanaume zilikuwa zimechanganyika, huyu mbili, huyu nne, huyu hakutia kitu. Za wanawake wa Kawangware zilikuwa tano kutoka juu hadi chini, kama mvua. Akazitazama muda mrefu.

"Hii haiwezekani," akasema. "Hata watu wa kanisa moja hawawezi kuwa na imani moja namna hii."

"Wanawake wamepotoka, Daktari," nikamwambia. "Mimi nilijua zamani."

"Au swali ndilo limepotoka. Zakayo, tafuta mama mmoja anayekujua. Usibebe maharagwe. Muulize polepole, halafu umuulize kwa nini."

Nikamchagua Mama Akoth. Yeye anauza makaa hapa hapa karibu na mlango wangu, ni mtu wa kwetu, na aliwahi kumwona Rosalia alipokuja kunitembelea ule mwaka nilipougua jipu. Nikakaa juu ya gunia lake tupu.

"Mama Akoth, unakubali kwamba mume akikupenda kweli, atajua unachotaka bila kumwambia?"

"Nakubali."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Si nimesema nimekubali?"

"Nataka sababu. Chuo kinataka."

"Sababu," akasema, akaweka chini kopo la kupimia makaa. "Yule mwanaume hajawahi kuniuliza nataka nini tangu siku ya kwanza. Sasa nifanye nini? Nirudi kwetu na watoto watano wakae wapi? Nimekubali. Nilikubali zamani, hata kabla wewe hujaota mvi."

"Lakini ni kweli?"

"Kweli gani?"

"Kwamba anajua unachotaka."

Dada, huyo mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Yule? Yule hajui hata namba ya kiatu changu. Zakayo, wewe umeniuliza kama nakubali, hukuniuliza kama ni kweli. Ungeniuliza kama naamini hiyo upuzi ningekuambia hapana, kula maharagwe yako."

Nikainuka kwenye gunia, nikajipangusa vumbi la makaa.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo Mswahili wa pwani hawezi kulifanya. Karatasi ya Daktari iliuliza kama unaamini. Mimi nilitia "unakubali". Kwa nini? Kwa sababu mimi nafikiri kwa lugha ya mama yetu, Kijaluo, na kwetu neno ni moja. Yie. Ukikubali kuoza binti umeyie, ukiungama imani kanisani umeyie, ukiambiwa beba mzigo huu ukabeba, umeyie. Daktari nilipomweleza alishika kichwa. Akasema hata kwao, kwa Kikuyu, maneno hayo mawili yamezaliwa na mama mmoja, ndiyo maana neno langu halikumkwaruza sikio alipolisoma. Lakini kwa Kiswahili cha hapa mjini, mwanamke ukimuuliza kama anakubali, anadhani unamuuliza kama amevumilia. Waume zao, ambao hakuna aliyewahi kuwaambia wavumilie, walijibu maoni yao tu, lakini wanawake wote walikuwa wamevumilia. Tano, tano, tano.

Daktari aliniambia nimegundua jambo ambalo wasomi wa ng'ambo hawajaligundua. Au tuseme, maneno yake hasa yalikuwa, "Zakayo, tumeharibu wiki tatu." Lakini angalia, alisema tumeharibu, hakusema umeharibu. Kwa msomi hiyo ni sifa.

Tukaanza upya. Sasa nasoma jambo halafu nauliza, "Kwa maoni yako, hii ni kweli?" Tulirudi kwa Mzee Gitau. Mzee akatia tano kwamba mkewe anajua anachotaka bila kuambiwa. Mkewe, chumba cha pili, alinisikiliza, akaomba nirudie, akasema, "Eh, sasa hiyo ndiyo swali." Akashika punje zote tano mkononi akazitazama.

"Mimi najua anachotaka," akasema, "kwa sababu anapiga kelele. Yeye anajua changu? Hapana. Sijawahi kupiga kelele."

Akanirudishia maharagwe moja moja katika kiganja changu.

Ningependa kukuambia kwamba niliondoka hapo nikitembea kama bwana mkubwa. Nilirudi kwa miguu kutoka Kawangware mpaka hapa Silanga, jua kali, na sikumbuki nilipita wapi. Maana sijakuambia mwisho wa maneno ya Mama Akoth. Siku ile, baada ya kucheka, aliniuliza, "Na Rosalia? Ulipomwacha huko nyumbani alisema nini?"

"Alikubali," nikasema.

"Eeh," akasema, akamgeukia mteja.

Hiyo "eeh" tu.

Unakumbuka Pasaka ile nilipokuja na redio? Siku ya kuondoka nilimkuta Rosalia anasugua chungu nje. Nikamwambia mwaka huu pia utabaki, shamba haliwezi kukaa bila mtu, mimi nitakuja Krismasi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ayie." Na mimi nikasikia lile neno la kanisani. Nikasikia kwamba anaamini. Nikapanda barabarani na redio yangu nikiimba, nikawaambia watu wa hapa kwamba nina mke mwenye imani. Krismasi hiyo sikuja, wala iliyofuata. Nikadhani bado anaamini. Kumbe alikuwa anabeba.

Kwa hiyo dada, hili ndilo ninalokuomba. Nenda kwao Jumamosi, ukute wamemaliza kazi za asubuhi. Usimuulize kama anakubali kurudi. Nakusihi. Ukimuuliza hivyo atasema ayie, atafunga nguo zake, atarudi, atafungua ule waya mlangoni na kukaa humo ndani kama mtu aliyekaa stesheni. Muulize, idwaro ang'o? Unataka nini? Halafu unyamaze. Najua wewe ni kama mimi, kimya kinakuwasha, lakini usimjibie. Usimwambie Zakayo ana kazi kubwa, wala habari ya tai. Kama anataka kuja kukaa nami huku, chumba ni kidogo na bati linapiga kelele mvua ikinyesha, mwambie ukweli huo, usipambe. Kama anataka mimi nirudi, niandikie hivyo hivyo, hata kama ameyasema kwa ukali. Kama hataki

Hapo nimeacha. Nilitoka nje nikazunguka mpaka kwa Mama Akoth, nikanunua makaa ambayo siyahitaji. Kama hataki, niandikie pia. Na unipe maneno yake mwenyewe, usiyageuze. Mimi najua sasa maneno yakigeuzwa yanavyoharibika.

Nisalimie mama yetu mzazi, mwambie blanketi nililomwahidi lipo, liko njiani. Nisalimie shemeji wa reli na kifua chake, aache tumbaku. Nisalimie baba mdogo, ila usimwambie mwanawe Ojwang' amenifanya nini. Wale wapwa zangu wawili wanaosoma waambie mjomba wao amefundisha madaktari kuuliza. Na mama mkwe, ukimwona hiyo Jumamosi, mwamkie kwa magoti yote mawili kwa niaba yangu.

Bado jambo moja, na hili usilisome kwa sauti hata ukiwa peke yako. Utaniuliza, kwani Rosalia hajui kuandika, mpaka nikutume wewe na mguu mbovu? Anajua. Aliniandikia mwezi wa sita. Barua iko hapa, kwenye mfuko wa ndani wa koti la kazi, haijafunguliwa. Siku nilipoipokea niliishika mkononi, nikaona ni nyepesi, karatasi moja tu, nikasema huyu najua anachotaka, ni sabuni na lile paa la jikoni linalovuja. Nikaitia mfukoni. Nimetembea nayo Kawangware yote, nikiwapima watu. Sasa nimeiweka juu ya meza tangu asubuhi na bado sijaifungua. Nitaifungua nikishaitia hii yako posta. Nikiifungua kwanza naogopa sitakutuma tena.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,

Zakayo